Istilahi za Nasaba ya Samaki: Uhakiki wa Maneno Sita

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno sita yanayotumika katika tafsiri za Kiswahili kuhusu samaki wa Ziwa Victoria walio hatarini kutoweka, na hasa kuhusu kazi ya kuwatambua samaki hao kwa kuchunguza nasaba zao. Hatukusudii kumlaumu mfasiri yeyote. Mengi ya maneno hayo yalichaguliwa kwa haraka, na kwa sababu njema, na watu waliohitaji kueleza jambo jipya kwa lugha ya wananchi. Walakini istilahi ikishaingia katika barua za wilaya, vitabu vya shule na mabango ya mialoni, huwa na nguvu ya kuongoza vitendo vya watu. Kwa hiyo yafaa ipimwe kabla haijaota mizizi.

Hatuna budi kwanza kulieleza jambo lenyewe. Katika miaka ya 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Victoria. Samaki aliyekuwa tegemeo kubwa la wavuvi wakati huo alikuwa ngege, na Graham ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1928. Leo jina hilo huandikwa Oreochromis esculentus, na neno lake la pili lina maana ya kitu kiliwacho. Pamoja naye alikuwako mbiru, Oreochromis variabilis. Wote wawili ni wenyeji wa ziwa hili na wa maji ya jirani yake. Ngege alikwisha kupungua kwa wingi wa nyavu, na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaletwa wageni ziwani: sangara, ambaye hula samaki wenzake, na sato, Oreochromis niloticus, ambaye ni wa jamii moja na ngege lakini hukua zaidi na hustahimili mengi. Matokeo yake yanajulikana. Katika ziwa kuu ngege na mbiru wamekuwa kama hawapo, na mabaki ya ngege yamo zaidi katika maziwa madogo yaliyo kandokando, mathalani Ziwa Kanyaboli nchini Kenya. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la hifadhi ya maumbile, IUCN, liliwaorodhesha wote wawili katika daraja la hatari kubwa kabisa.

Hata hivyo kuliwa na kushindwa chakula si hatari pekee iliyowakuta. Sato na ngege wakikutana katika maji mamoja huweza kuzaana, na watoto wao nao huzaa. Baada ya vizazi kadhaa hupatikana samaki ambaye kwa macho ni ngege, kumbe sehemu ya urithi wake ni ya sato. Mvuvi mzoefu hawezi kumtambua, wala bwana samaki wa wilaya hawezi. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha taarifa iliyoonyesha jinsi perege wa kuletwa walivyoenea katika mabonde mengi ya mito na maziwa ya Tanzania, kutokana na miongo mingi ya kupandikizwa kwa makusudi. Ndiyo maana imehitajika njia ya kuwatambua samaki kwa kutazama ndani ya chembe hai zao.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Hukatwa kipande kidogo cha pezi, kikatiwa katika spiriti na kupelekwa maabara. Humo hutolewa DNA, yaani uzi mrefu wa kemikali unaoandika urithi wa kiumbe kwa herufi nne tu. Katika uzi huo zipo sehemu ambazo herufi chache hurudiwa-rudiwa, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya samaki na samaki. Zipo pia sehemu ambazo herufi moja tu hutofautiana. Wataalamu hutafuta mahali ambapo ngege wote halisi wana herufi moja na sato wote wana nyingine. Samaki aliyezaliwa na ngege na sato atakuwa na herufi zote mbili kila mahali pa namna hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi. Mjukuu wake aliyerudi kuzaliwa na ngege atakuwa na herufi ya sato katika baadhi tu ya mahali hapo. Ukiwa na sehemu za kutosha za kutazama, waweza kusema samaki huyu ni ngege mtupu, au ameingiliwa, na kwa kiasi gani.

Sasa tuichukue sentensi ifuatayo. Tumeitunga wenyewe, lakini kila neno lililomo hukutwa katika tafsiri zisomwazo leo: "Alama za vinasaba zitatumika kuhifadhi samaki adimu wa Ziwa Victoria, kama vile perege wa asili, dhidi ya machotara." Kisarufi sentensi haina kasoro, na mtu aliyesoma biolojia kwa Kiingereza ataielewa mara moja, kwa sababu atairudisha kimoyomoyo katika Kiingereza. Swali letu ni nini atakachoelewa mtu asiyekuwa na Kiingereza cha kuirudishia.

Kipimo tutakachotumia kinahitaji maelezo. Hatudai kwamba istilahi lazima ieleze kitu kwa usahihi wa neno kwa neno. Sote husema "samaki wa maji baridi", ilhali maji ya Ziwa Victoria ni ya uvuguvugu mwaka mzima, na hapana mtu aliyepotoshwa kwa usemi huo. Sisi tunauliza: je, mtu akilitegemea neno hili na kutenda kama linavyomwelekeza, atatenda sawa au atakosea? Neno lisilo sahihi lakini lisilomkosesha mtu katika kazi tutaliacha.

1. Alama

Kwa wavuvi, wafugaji na watafiti wenyewe, alama ni kitu kinachotiwa. Ng'ombe hupigwa chapa, mtumbwi huandikwa namba, na samaki hufungwa kibandiko kisha akaachwa majini ili akivuliwa tena ijulikane ametoka wapi. Kazi hii ya mwisho nayo huitwa kutia alama. Basi mwananchi akiambiwa kwamba watafiti watatumia "alama za vinasaba" kwa samaki wa ziwa lake, ni haki yake kudhani kwamba samaki hao watatiwa kitu ndani ya miili yao, na kwamba huenda si salama kuliwa. Wasiwasi huo hautokani na ujinga. Umetokana na maana halali ya neno. Kitu kinachotajwa hapa hakitiwi na mtu. Kimo tangu samaki alipozaliwa, na mtaalamu hukisoma tu.

Twapendekeza neno "kitambulishi", wingi vitambulishi, kutokana na kitenzi tambulisha. Kitambulishi cha nasaba ni sehemu ya uzi wa urithi inayotambulisha ukoo wa kiumbe. Atakayesema kwamba neno hili laelekea kufanana mno na kitambulisho cha uraia tutamjibu kwamba mfanano huo wasaidia, maana kazi ya vitu hivyo viwili ni moja.

2. Vinasaba

Neno hili ni miongoni mwa mafanikio ya uundaji wa istilahi. Limetokana na nasaba, neno ambalo kila Mswahili analijua, likapewa kiambishi cha udogo. Wananchi wamelizoea kutokana na mashauri ya uzazi mahakamani na vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwaka 2009 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kudhibiti matumizi ya vinasaba vya binadamu. Hatuna haja ya kuliondoa. Tena latufaa katika kufundisha, kwa kuwa anayeelewa jinsi baba wa mtoto anavyotambuliwa kwa vinasaba amekwisha kuelewa nusu ya habari ya ngege na sato.

Kasoro yake ni kwamba limebebeshwa mizigo mitatu. Mara hutumika kwa DNA, mara kwa jeni, yaani kipande cha uzi huo chenye maagizo ya kutengenezea kitu mwilini, na mara kwa elimu nzima ya urithi. Katika habari za mahakamani mchanganyiko huu haudhuru, lakini katika habari hii unadhuru. Sehemu nyingi zinazotumiwa kuwatambulisha samaki hazimo katika jeni yoyote. Hazimpi samaki rangi, wala ukubwa, wala ladha. Mwanafunzi akifundishwa kwamba alama hizo ni jeni za ungege na jeni za usato, atauliza kwa nini mfugaji asizichague zilizo bora na kuziacha mbaya. Twashauri vinasaba liwe la DNA peke yake, jeni libaki jeni, na elimu yenyewe iitwe elimu ya urithi au jenetikia.

Hapa yafaa tuguse pia neno "mikrosatelaiti", ambalo limeingizwa bila kubadilishwa kwa maana ya zile sehemu zenye marudio. Msomaji atawaza chombo kinachozunguka angani. Kiswahili kina kitenzi kariri, chenye maana hiyo hasa ya kusema jambo tena na tena. Twapendekeza kikariri, wingi vikariri. Ile tofauti ya herufi moja na iitwe vivyo hivyo, tofauti ya herufi moja, kwa kuwa maelezo yenyewe ni mafupi ya kutosha kuwa istilahi.

3. Kuhifadhi

Nenda Mwaloni Kirumba, soko kubwa la samaki la Mwanza, ukaulize namna ya kuhifadhi samaki. Utajibiwa habari za chumvi, moshi, jua na barafu. Jibu hilo ni sahihi kabisa, kwa kuwa kuhifadhi samaki ni kumzuia aliyekufa asioze. Hali kadhalika maofisa hutumia "uhifadhi wa samaki" kwa maana hiyo katika mafunzo ya wachuuzi. Neno lilo hilo likitumika kwa kuwalinda samaki hai wasitoweke, semina mbili zenye jina moja zitakuwa na mambo mawili yasiyohusiana.

Iko maana nyingine iliyo nzito zaidi. Kwa watu wa pwani ya ziwa, hifadhi ni mahali palipowekewa mipaka na askari. Rubondo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na Saanane, kisiwa kilicho mkabala na mji wa Mwanza, ikafuata mwaka 2013. Hatuzungumzii hapa uzuri au ubaya wa hifadhi hizo. Twasema tu kwamba mvuvi aliye kando ya ziwa dogo, akisikia kuwa watafiti wamekuja kwa ajili ya hifadhi ya ngege, ataanza kuhesabu siku za kufungiwa maji. Huenda asimwonyeshe mtafiti mahali ngege walipobakia, na mtu anayepajua mahali hapo ni yeye.

Twapendekeza "kulinda uzao". Kulinda uzao wa ngege ni kuhakikisha kwamba ngege wanaendelea kuzaa ngege. Usemi huu hautaji mipaka, wala haumtoi mvuvi katika kazi hiyo.

4. Adimu

Kitu adimu ni kitu kisichopatikana kwa wepesi, na kwa mazoea ya biashara kitu cha namna hiyo hupanda bei. Kumwambia mchuuzi kwamba ngege ni samaki adimu ni kumshauri amtafute. Aidha neno hili halina habari ya wakati. Kuna viumbe vilivyo vichache tangu zamani bila kuwa na hatari yoyote, na kuna ambavyo jana vilikuwa tele na leo vinakwisha. Ngege ni wa kundi la pili.

Usemi wa "walio hatarini kutoweka" ni bora, nao umekwisha kuzoeleka. Hata hivyo kitenzi toweka nacho chahitaji uangalifu. Aliyetoweka ameondoka machoni, na huenda akarudi. Furu wa Ghuba ya Mwanza wanatupa mfano. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walioanza kazi katika ghuba hiyo mwaka 1977, walishuhudia furu wa aina nyingi wakikoma kuonekana katika miaka ya 1980 sangara walipoongezeka. Katika miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu hao walionekana tena, na wengine hawajaonekana. Basi tuwe na maneno mawili: "kutoweka" kwa wasioonekana, na "kukoma kizazi" kwa wale ambao imethibitika kwamba hakuna aliyebaki. Mfasiri asilitumie la pili mpaka asili anayoifasiri ithibitishe hivyo.

5. Perege

Hili si neno baya. Ni jina la kundi, na kila lugha yahitaji majina ya makundi. Kosa huja linapotumika mahali panapotakiwa jina la samaki mmoja. "Perege wa asili" ni yupi? Ziwa hili lina perege wenyeji wawili wa jamii ya Oreochromis, na walioletwa ni zaidi ya mmoja. Hapa ndipo tunapoiona hasara kubwa kuliko zote. Mtu anayechimba bwawa kando ya ziwa dogo huomba vifaranga vya perege, akapewa vifaranga vya sato. Katika karatasi kila kitu ni sawa. Mvua kubwa ikija, bwawa likafurika, sato wameingia kwa ngege, na hapana aliyevunja agizo.

Yako mengine yanayosikitisha zaidi. Upande wa Kenya, kwa wasemaji wa Kijaluo, jina ngege leo hutumika kwa perege yeyote, na anayeuzwa kwa jina hilo mara nyingi ni sato. Jina limerithiwa na mgeni. Mzee anayesema kwamba katika ujana wake walivua ngege wengi, na kijana anayesema kwamba hata leo ngege wapo, wanasema kweli wote wawili, lakini hawasemi habari ya samaki mmoja. Mtafiti anayehoji wavuvi kwa jina hilo bila kuonyesha picha atapata majibu yasiyo na faida.

Twashauri sato litumike kwa Oreochromis niloticus tu, ngege kwa Oreochromis esculentus tu, mbiru kwa Oreochromis variabilis tu, na perege libaki jina la kundi lote. Tena katika kila waraka wa serikali jina la kisayansi liandikwe mara ya kwanza samaki anapotajwa.

6. Chotara

Mkulima wa Misungwi amekwisha kununua mahindi chotara kwa bei kubwa kuliko ya mbegu zake mwenyewe, kwa sababu aliambiwa, na ni kweli, kwamba yatazaa zaidi. Jirani yake anafuga kuku chotara kwa sababu hiyo hiyo. Kwa miaka mingi mabwana shamba wamelijenga neno hili mpaka likawa na maana ya mbegu iliyoboreshwa. Leo twamwambia mkulima huyo huyo kwamba samaki chotara ni hatari. Atatuuliza wauzwa wapi.

Mchanganyiko unaotajwa katika habari za ngege haukupangwa na mtu, wala haumalizikii kwa kizazi kimoja. Ni urithi wa samaki mmoja kuingia polepole katika uzao wa mwingine mpaka ule wa asili ukapotea ndani yake. Twapendekeza mahuluti kwa samaki mmoja mmoja aliyezaliwa kwa mchanganyiko huo, na "upenyezaji wa nasaba" kwa jambo zima. Chotara tuwaachie mabwana shamba, ambao walilipata kwanza na wanalitumia vizuri.

Baada ya kuyapima maneno hayo sita, yatupasa tujibu hoja moja tunayoisikia mara kwa mara. Baadhi ya wataalamu husema kwamba elimu hii ni ya maabara, kwamba wanaoifanya huandika kwa Kiingereza, na kwamba kuwatafutia istilahi ni kujichosha bure. Hapana shaka kwamba vitambulishi vyenyewe hutengenezwa na wachache. Mnamo 2022 watafiti wa Uingereza na wa TAFIRI walichapisha seti ya vitambulishi vya aina ya tofauti ya herufi moja kwa ajili ya kuwatambua Oreochromis, na habari hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Lakini matokeo ya maabara hayamlindi samaki yeyote mpaka mtu fulani ameyatumia. Anayeamua vifaranga gani viingie bwawa gani ni mfugaji, bwana samaki, halmashauri ya kijiji na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi kilichopo mwaloni. Hao wote huamua kwa Kiswahili.

Wala si kweli kwamba lugha zetu hazina nafasi katika elimu hii. Samaki mmoja wa mawe wa Ghuba ya Mwanza, ambaye madume yake ni mekundu, alipewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Nyerere, ambaye sisi wafasiri twamjua pia kwa tafsiri zake za Shakespeare. Leo huitwa Pundamilia nyererei, na neno la kwanza ni Kiswahili kitupu, kwa ajili ya milia yake. Mwaka 2014 mfuatano wa vinasaba vyake ulichapishwa pamoja na wa sato na wa samaki wengine watatu. Jenasi nyingine ya samaki wa mawe huitwa Mbipia, kutokana na mbipi, jina ambalo wavuvi wa Mwanza huwaita furu hao. Ikiwa wageni walikwenda mialoni kutafuta maneno, ni ajabu kwamba sisi huanza kutafuta katika kamusi za Kiingereza.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, utaratibu unaojulikana wa kutafuta istilahi ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Katika habari za samaki hatua ya pili na ya tatu zimerukwa. Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya na Kijaluo zina majina ya samaki kwa umri wao, kwa rangi zao wakati wa kuzaa, na kwa mahali wanapokaa. Majina hayo yanasahaulika pamoja na samaki wenyewe.

Sentensi tuliyoanza nayo twaweza sasa kuiandika hivi: "Vitambulishi vya nasaba vitatumika kulinda uzao wa ngege na mbiru wa Ziwa Victoria, walio hatarini kabisa kutoweka, ili usipenyezwe nasaba ya sato." Imekuwa ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Lakini bwana samaki akiisoma mwaloni, mfugaji atajua ni samaki yupi asimwingize katika bwawa lake.

Tunawaomba walimu wa shule za kando ya ziwa, maofisa wa uvuvi na wafasiri watuletee majina ya samaki yatumikayo mahali walipo, wakieleza kila jina ni la samaki gani, limetoka lugha gani, na kama wazee na vijana wanalitumia kwa samaki yule yule. Yeyote asiyeridhika na vitambulishi, vikariri au upenyezaji wa nasaba atuandikie pia, mradi alete neno analoliona bora na kulipima kwa kipimo tulichokitumia hapa.